Nyuzi Mbili za Heshima

Tudual Kermarek hakudharau kwa rejareja. Alidharau kwa jumla. Aliidharau bahari ya Mediterania, ambayo aliiona mara moja tu, mwaka aliooa, akaiita beseni la kunawia miguu. Aliwadharau watu wanaoingia majini wamevaa suti za mpira. Aliwadharau Waparisi wote, hasa wale wanaoanza kwa kulowesha shingo na viganja kana kwamba wanakwenda kufanyiwa upasuaji. Lakini dharau yake yenyewe, ile ya kuamka nayo na kulala nayo, aliitunza kwa ajili ya ufuko wa Trez-Lann, ulio upande wa pili wa rasi, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka Porz-Brenn.

Porz-Brenn ulikuwa ufuko wake. Si kwa hati, kwa mdomo. Unatazama magharibi, bahari kuu mbele yake wazi, na hakuna kitu cha kuuzuia upepo mpaka Amerika. Maji yake hayajui kumbembeleza mtu. Trez-Lann umejikunyata kwenye kiwiko cha rasi ukitazama kusini, mchanga laini, mawimbi ya kitoto, na siku za bamvua, maji yanapopanda juu ya mchanga uliopigwa jua mchana kutwa, pale ukingoni huwa ya uvuguvugu.

"Pale hawaogelei," Tudual alizoea kuwaambia watu. "Pale wanachemshwa. Mtu akitoka pale mpake siagi ya chumvi tu, umle."

Watu walicheka. Wanachama wa Chama cha Waogaji wa Porz-Brenn walikuwa wamezeeka pamoja na vichekesho vya Tudual na hawakuwa na vingine. Kila asubuhi saa tatu u nusu, Juni mpaka Septemba, walishuka na mataulo yao, na kila asubuhi walitii sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Aliyekwisha kuingia majini haruhusiwi kusema ni baridi. Akiulizwa kutoka nchi kavu, "Maji vipi?" anajibu, "Mazuri!" Meno yagongane, midomo iwe ya zambarau, jibu ni hilo hilo. Siku ambayo mtu kweli ameona roho inamtoka, anaruhusiwa kusema, "Yanachangamsha," na hapo ndipo mwisho wa malalamiko. Soizic, mwenye duka la mikate, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, aliwahi kutolewa majini na watu wawili, hajiwezi miguu, mwezi wa sita, na bado aliinua kidole akasema, "Yanachangamsha."

Sasa, miaka thelathini na minne Tudual alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya meli mjini Brest, na kazi yake ilikuwa kupima vipimo. Geji za presha, geji za mafuta, vipimajoto vya injini, vyote vilipita mikononi mwake. Alivilinganisha na kipimo mama, na kile kilichodanganya hata kwa nukta moja alikipiga alama nyekundu kikaenda kutupwa. Kwa hiyo alipostaafu, chama hakikuhangaika kupiga kura. Kilimkabidhi ndoo, kamba, kipimajoto na ubao. Kila siku saa mbili asubuhi alishuka peke yake mpaka mwisho wa njia ya saruji ya kushushia mashua, akatupa ndoo, akaivuta, akatia kipimajoto, akahesabu dakika tatu, kisha akaandika joto la maji ubaoni kwa chaki. Wanachama walipofika, namba ilikuwa inawangoja, nao waliiamini kuliko gazeti.

Ilistahili kuaminiwa, mpaka miaka minne nyuma.

Kiangazi cha mwaka ule Gweltas, mfamasia mstaafu, bwana wa kofia za majani na mataulo yaliyopigwa pasi, alisimika ubao wake Trez-Lann. Siku ya kwanza akaandika nyuzi joto kumi na tisa. Tudual alipoambiwa alikwenda kujionea mwenyewe, akajificha nyuma ya gari la mtu. Akamwona Gweltas amesimama saa tisa mchana, jua kali, maji kwenye vifundo vya miguu, kipimajoto mkononi kama anakoroga chai.

"Anapima supu!" alirudi akipiga kelele. "Mtu mzima na shahada zake, anapima supu halafu anaandika bahari!"

Lakini watu walisoma kilichoandikwa. Kule kumi na tisa, huku kumi na tano. Kabla Julai haijaisha, kati ya wanachama arobaini, kumi na mmoja walikuwa wamezunguka rasi, huyu kwa sababu ya goti, huyu kwa sababu ya mgongo, huyu eti kwa sababu ya wajukuu. Hata muuza chapati za ngano nyeusi aliwasha gari lake akahamia kule. Tudual aliwaita wasaliti mbele ya macho yao. Kisha asubuhi moja, amesimama peke yake na ndoo yake, akaongeza nusu. Nusu ya upepo, alijiambia. Wiki iliyofuata akaongeza nusu nyingine. Hadi mwisho wa Agosti alikuwa anaongeza nyuzi mbili kamili.

Hakuuita uongo. Aliuita marekebisho. Yule anapima ukingoni mchana, mimi napima kilindini asubuhi, kwa hiyo haki inadai nyuzi mbili za kusawazisha. Hoja ya namna hiyo ingeletwa mezani kwake kule Brest angeipiga alama nyekundu kabla hajamaliza kahawa. Lakini Brest alikuwa analipwa kusema kweli, na hapa alikuwa anajitolea.

Na nani aliumia? Hakuna, ndivyo alivyoona. Watu walisoma kumi na saba na nusu, wakaingia, wakasema mazuri.

Mkewe Azilis naye alisoma na kuingia. Huyu ndiye aliyekuwa mwogeleaji wa kweli katika nyumba ile. Kwa miaka thelathini na zaidi alikuwa akienda mpaka kwenye jiwe jeusi lililo mbele ya ufuko, analigusa, anarudi, nusu saa nzima, kofia yake ikionekana kwa mbali. Tudual mwenyewe alikuwa mtu wa dakika nane. Lakini miaka hii minne Azilis alikuwa anapunguza. Alianza kugeuzia njiani. Kisha akawa anageuzia karibu zaidi. Kiangazi kilichopita aliingia mpaka kifuani, akapiga mbizi mbili tatu, akatoka kimya na kujifunika. Tudual aliona. Umri, alisema moyoni, akaona ajabu kwamba umri umeanzia kwake Azilis badala ya kuanzia kwake. Siku moja hata alifanya mzaha mbele ya chama kizima: "Mke wangu huyu sasa ni wa kupelekwa Trez-Lann." Azilis alicheka na wenzake.

Mwezi wa tatu mwaka huu moyo wa Azilis uligoma akiwa bustanini. Walimwahisha hospitali, wakautanua mshipa, wakamrudisha nyumbani na mfuko wa vidonge. Tangu siku ile hakuuliza habari ya chakula wala safari. Aliuliza bahari.

Tarehe kumi na mbili Agosti alirudi kutoka kwa daktari akiwa amechangamka, akavua viatu mlangoni, akamkuta Tudual jikoni anageuza chapati.

"Ameniruhusu!"

"Nani?"

"Daktari, mzee wangu, daktari! Naruhusiwa kuogelea. Ila maji yasipungue nyuzi kumi na saba. Chini ya hapo nisitie hata kiuno, mpaka mwaka upite. Amesema moyo unaweza kushtuka, basi, habari imekwisha. Amesema nisijisikilizie, nitafute namba ya kuaminika."

Tudual aliendelea kuitazama chapati.

"Unajua nilimjibu nini?" Azilis alisema. "Nilimwambia namba ninayo nyumbani. Nimeolewa nayo."

"Hm," alisema Tudual.

"Hm nini?"

"Hm, vizuri."

"Leo umeandika ngapi?"

Chapati ilikuwa inaungua. Hapo alikuwa na nafasi yake, watu wawili tu na kikaango, hakuna Soizic, hakuna Gweltas. Angesema maneno matatu akalia kidogo, mambo yakaisha. "Kumi na saba na nusu," alisema.

"Basi tarehe kumi na tano naingia, mbele ya wote," alisema Azilis, akambusu kwenye sikio.

Tarehe kumi na tano Agosti, baada ya misa ya Bikira Maria, waogaji wa fuko zote mbili huoga pamoja, mwaka huu huku, mwaka ule kule. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Porz-Brenn. Gweltas na watu wake wangevuka rasi na kofia zao za majani, wangesimama mbele ya ubao, wangesoma. Tudual alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miezi kumi na miwili, ameandaa na matusi yake.

Tarehe kumi na tatu alijaribu kisingizio cha yavuyavu, wale viumbe wa baharini wa kama ute. Alirudi kutoka ufukweni akasema ameona yavuyavu wengi, wekundu, wanawasha vibaya.

"Wapi?" Azilis alimuuliza. "Nimepita sasa hivi sijaona hata mmoja."

"Wamekwenda."

"Basi heri wamekwenda."

Tarehe kumi na nne alishuka akiwa amekata shauri. Ndoo ilimpa kumi na tano na nusu. Akashika chaki, akaandika moja, na alipokuwa anainua mkono aandike tano, akasikia sauti ya Soizic, aliyekuwa anatembeza mbwa.

"Mzee Tudual! Kesho usituaibishe mbele ya wale wapima supu! Nataka namba nono!"

Akaandika saba. Akaiacha bila nusu, na njiani akajisifu kwamba angalau ameanza kushuka. Azilis alipopita kusoma, alirudi anacheka. "Kumi na saba kamili. Daktari kasema isipungue kumi na saba, na hii haijapungua."

Mchana wa siku ile, mezani, Tudual aliuma meno akafanya jambo ambalo hakudhani angelifanya katika uhai wake.

"Labda," alisema, "mwaka huu ungeanzia upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

"Wa rasi."

Jina la ufuko wenyewe lilikataa kumtoka. Azilis aliweka uma chini. "Kwa hiyo siku ile mbele ya chama hukuwa unatania," alisema. "Ndivyo unavyoniona." Akainuka, akaondoa vyombo kabla chakula hakijaisha. Tudual alikaa pale na kisu chake, amekasirika kweli kweli. Kwa mara ya kwanza alikuwa amejaribu kumtendea wema kwa gharama ya heshima yake, na hata asante hakupata. Akaona basi, kama hataki kusaidiwa, shauri yake. Ghadhabu hiyo ilimbeba mpaka asubuhi, na asubuhi akaandika tena kumi na saba, ndoo ikiwa imesema kumi na tano na nusu.

Saa tano walikuwa wote pale. Watu wa Porz-Brenn upande wa kushoto wa njia ya saruji, watu wa Trez-Lann upande wa kulia, na katikati Gweltas akiusoma ubao huku ameshika kofia yake isipeperushwe.

"Kumi na saba," alisema. "Hongereni sana. Sisi jana tulikuwa kumi na tisa, lakini kila mtu na bahati yake."

"Kumi na tisa ya kwenye sufuria," alisema Tudual.

"Mzee, wivu utakuua."

"Na wewe utakufa umeiva."

Vicheko pande zote. Siku nyingine Tudual angekula kicheko kile mpaka Krismasi. Lakini alikuwa anamtazama Azilis, aliyekuwa anateremka na vazi lake la buluu na kofia mpya nyeupe, na chama kizima kikimpigia makofi. Alimpa Tudual taulo amshikie. Hakumtazama alipokuwa anampa.

"Daktari kasema kumi na saba!" Soizic alitangaza kwa wote, akiwa majini tayari, maji shingoni, uso mwekundu. "Na Porz-Brenn inatoa kumi na saba! Njoo, mwanamke! Mazuri!"

"Mazuri!" waliitikia wengine waliokwisha kuingia, na meno ya mmoja wao yalisikika yanagongana mpaka nchi kavu.

Azilis alifika pale saruji inapozama. Wimbi dogo lilikuja likampitia kwenye vidole. Akavuta pumzi, akainua mikono kidogo, kama alivyofanya kila mara kabla ya kujitupa. Yeye hakuwa mtu wa kuingia hatua kwa hatua. Alikuwa anajitupa mzima.

Tudual alimdaka mkono.

"Usiingie."

"Niache."

"Azilis, usiingie."

"Yavuyavu tena?" Sauti yake ilikuwa ya kukata. "Au nimezeeka mno kwa ufuko wako?"

"Maji ni baridi," alisema Tudual.

Wakaangua kicheko, fuko zote mbili. Walidhani ni kichekesho kipya, na walikuwa wamekingoja miaka mingi. Soizic alipiga maji kwa viganja. "Kasema baridi! Mwenyekiti wa kipimajoto kasema baridi! Mtozeni faini!" Na waliokuwa majini wakapaza sauti kwa pamoja, "Mazuri! Mazuri!"

"Baridi!" Tudual alipiga ukelele, na mkono wa mkewe hakuuachia. "Kumi na tano na nusu! Ubao ni uongo! Nimeandika mimi, na ni uongo, kumi na tano na nusu, asiingie!"

Kicheko kilikatika, si mara moja, ila mtu mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Soizic. Gweltas alivua kofia yake bila sababu. Azilis alirudi nyuma hatua moja, akatoka kwenye maji, akauvuta mkono wake taratibu.

"Uongo wa leo tu?" aliuliza.

Tudual aliutazama ubao.

"Tudual. Tangu lini?"

"Tangu huyu alipoweka ubao wake."

"Miaka minne."

"Nilikuwa nasawazisha," alisema. "Yeye anapima ukingoni, mchana, ungemwona, mimi..."

"Nyuzi ngapi?"

"Mbili."

Azilis alihesabu. Aliyekuwa karibu naye angeona midomo ikienda. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ufuko ulikuwa kimya kiasi kwamba hata wale wa mbali walisikia.

"Kwenye kumi na tano nilikuwa narudi kutoka kwenye jiwe natetemeka. Sikujali, ni haki ya maji ya kumi na tano. Kisha ubao wako ukasema kumi na saba, na mimi bado natetemeka vile vile. Kila siku. Nikajiuliza, mbona wenzangu wanasema mazuri? Nikasema basi, ni mimi. Mwili umekwisha. Nikaanza kugeuzia njiani, kwa kuogopa. Nikaacha kwenda kwenye jiwe. Miaka minne nauchukia mwili huu, Tudual. Naoga nyumbani sitaki kuutazama. Na moyo ulipogoma nikajiambia, si nilijua? Kumbe nilikuwa mzima. Miaka yote ile nilikuwa mzima, nikakaa nchi kavu."

"Na mimi nilikwenda kupimwa damu," alisema mzee mmoja majini, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka. "Mara mbili. Wakaniambia sina kitu, nikabadilisha daktari."

"Mimi nilidhani ni tezi ya shingo," alisema mwingine.

Soizic alikuwa anatoka majini polepole, amejikumbatia, anatetemeka waziwazi, na hakujisumbua kuficha.

Tudual alisimama na taulo. Alitaka kusema samahani. Lakini Azilis alikuwa amekwisha kumgeukia Gweltas.

"Na wewe, Bwana Gweltas? Kwako ni ngapi, bila kutia chumvi?"

Gweltas aliivaa kofia, akaivua tena. "Inategemea, Bibi Azilis. Pale ukingoni, mchana, jua likiwa..."

"Sikuulizi ukingoni. Maji yakiwa kifuani."

Watu wake walikuwa wanamtazama. Mfamasia alimwangalia mwanamke aliyesimama mbele yake na kofia yake mpya isiyolowa, na kwa heshima yake yote ya mataulo ya pasi, alishindwa. "Kumi na sita," alisema. "Siku nzuri sana, kumi na sita na nusu. Usije kuogelea kwangu, mama. Si salama."

"Nilisema!"

Ilimtoka Tudual kabla hajajua inatoka. Alikuwa ameruka, mtu wa miaka sabini na moja, kidole kimenyooka, uso umeng'aa kwa furaha safi kabisa. "Si nilisema? Miaka minne nasema! Kumi na tisa yake yote ni supu! Mwongo! Mmemsikia wenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kumi na sita! Nusu uzi tu mbele yetu!" Akawageukia wa Porz-Brenn wacheke naye. Hawakucheka. Akawageukia wa Trez-Lann awaone wanavyoaibika, akakuta hawamtazami Gweltas, wanamtazama yeye. Basi akamgeukia mkewe, kwa sababu miaka arobaini na tatu kila alipomshinda mtu alikwenda kumpa habari yeye kwanza.

Azilis alimtazama kuanzia kipara mpaka vidole vya miguu, bila haraka, kama anasoma kitu kirefu. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, Tudual angejua la kufanya.

"Hata sasa?" alisema Azilis. "Hata sasa, Tudual?"

Kidole chake kilikuwa bado kimenyooka. Akakishusha.

Azilis alipita mbele yake mpaka kwenye ubao, akachukua kipimajoto kilichokuwa kinaning'inia kwa kamba yake. Hakumwomba. Alishuka nacho mpaka pale saruji inapozama, akachutama, akakitia majini, na watu karibu themanini wa fuko mbili wakasimama kimya dakika tatu nzima, wengine wakitetemeka, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Akakisoma. Akapanda, akaifuta saba kwa kiganja chake, akaandika tano na nusu kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea chaki.

"Kuanzia kesho saa mbili napima mimi," aliwaambia wote. "Mwaka mzima, mpaka niruhusiwe kuingia kwenye hii hii. Na nitaingia kwenye hii hii, mpaka kwenye jiwe."

"Nitakubebea ndoo," alisema Tudual haraka. "Ni nzito ikijaa. Kamba nayo ina namna yake ya..."

"Ndoo nitabeba mwenyewe."

Akaanza kupanda njia ya saruji peku, na watu wakamfungulia njia pande zote mbili. Soizic alimfuata, akamvika koti lake mwenyewe mabegani, na Azilis akalikubali bila kugeuka. Tudual alibaki pale chini na taulo lake mikononi, kavu, limekunjwa vizuri kama alivyopewa.